Fungu la kumi: linatoka wapi, linakwenda wapi, na nani kasema umelaaniwa?

Mishahara ikishaingia, makundi ya WhatsApp ya kwaya na ya vijana wa kanisa hufufua swali lile lile: fungu la kumi linatolewa kabla ya makato au baada ya makato? Tuseme mwalimu analipwa shilingi 800,000. Akishakatwa kodi, mchango wa pensheni, bima ya afya na mkopo wa chuo, mkononi zinabaki 560,000. Bahasha yake iwe na 80,000 au 56,000? Hiyo tofauti ya 24,000 ni nauli ya watoto kwenda shule. Na swali hilo likishaulizwa huvuta mengine nyuma yake. Nikimtumia mama kijijini, inahesabika? Nisipotoa mwezi huu, nimelaaniwa? Duka langu halina faida, nitoe ya mauzo? Mchungaji akisema "panda mbegu", ndilo fungu la kumi hilo hilo au ni jambo jingine?

Naandika haya nikiwa Mkristo ninayetoa na ninayeamini kwamba kutoa ni sehemu ya ibada. Lakini naona watu wamebebeshwa hofu ambayo maandiko hayakuwabebesha, na naona wengine waliochoshwa na hofu hiyo wakaacha kutoa kabisa, hata kwa jirani mwenye njaa. Makundi yote mawili yanastahili maelezo yaliyonyooka.

Tuanze na majina, maana yanachanganywa mno. Fungu la kumi ni sehemu moja kati ya sehemu kumi za pato. Zaka ni jina lake jingine katika Biblia ya Kiswahili, na ndilo Wakatoliki na Wasabato hulitumia zaidi. Tusilichanganye na zaka ya Waislamu, ambayo kwa kawaida ni asilimia 2.5 ya mali iliyofikia kiwango maalumu na kukaa mwaka mzima. Sadaka ni chochote mtu anachotoa kwa hiari, bila kipimo. Malimbuko ni mazao ya kwanza ya shamba. Siku hizi wengi huita hivyo mshahara wao wa kwanza. Nadhiri ni neno ambalo mtu mwenyewe amemwahidi Mungu. Ahadi, kwenye sharika zetu, ni kiasi ambacho muumini anajiandikia mwanzoni mwa mwaka ili baraza la wazee lipange bajeti. Mbegu ni sadaka inayotolewa kwa matarajio kwamba Mungu atairudisha mara nyingi zaidi. Hilo la mwisho nitalirudia, kwa sababu ndilo linalowaumiza watu zaidi.

Torati ilisema nini hasa

Wengi wetu tunaijua torati ya fungu la kumi kupitia mistari miwili mitatu inayosomwa kabla ya vikapu kupita. Ukiisoma yote, picha inabadilika.

Mambo ya Walawi sura ya 27 inataja vitu vyenyewe: mazao ya nchi, matunda ya miti, na katika mifugo kila mnyama wa kumi apitaye chini ya fimbo. Mkulima aliyetaka kubaki na mazao yake na kutoa fedha badala yake aliruhusiwa, ila aliongeza sehemu ya tano juu ya thamani. Waliokulia kwenye sharika za vijijini, ambako Jumapili watu huleta mikungu ya ndizi, mayai na kuku, kisha vinapigwa mnada nje ya kanisa baada ya ibada, wako karibu na ulimwengu huo kuliko sisi wa lipa namba.

Hesabu sura ya 18 inaeleza sababu. Nchi ilipogawanywa kwa makabila ya Israeli, kabila la Lawi halikupewa urithi wa ardhi. Kazi yao ilikuwa huduma ya hema ya kukutania. Mtu asiye na shamba angekula nini? Hivyo zaka ya makabila mengine ikawa riziki yao, nao Walawi wakatoa sehemu ya kumi ya walichopokea kwa ajili ya makuhani. Hata mpokeaji alikuwa mtoaji.

Kumbukumbu la Torati sura ya 14 ndiyo inayowashangaza watu. Inasema zaka ya nafaka, divai na mafuta iliwe na mtoaji mwenyewe pamoja na nyumba yake, mbele za Mungu, mahali pa ibada. Kama safari ni ndefu, auze mazao, abebe fedha, na akifika anunue chochote ambacho nafsi yake inatamani, iwe ng'ombe, kondoo au divai, wale na kufurahi, na Mlawi wa mjini kwao asisahauliwe. Kisha, mwishoni mwa kila mwaka wa tatu, zaka ya mwaka huo haiendi mbali. Inawekwa malangoni mwa mji, na wanaoila ni Mlawi, mgeni, yatima na mjane, mpaka washibe.

Kwa hiyo wahudumu wa ibada walilishwa, familia ilisherehekea mbele za Mungu pamoja na watu wake, na maskini wa mtaani wakawa na akiba. Walimu wa Kiyahudi wa baadaye walijumlisha sheria hizi wakaona ni mafungu zaidi ya moja, ndiyo maana wapo wanaokadiria kwamba Mwisraeli alitoa zaidi ya asilimia 20 katika baadhi ya miaka. Na mwaka wa saba ardhi ilipumzishwa, hivyo hapakuwa na mavuno ya kutolewa zaka.

Sasa rudi kwa mwalimu wetu na makato yake. Torati inataja nafaka, divai, mafuta, matunda na mifugo. Haitaji ujira wa kibarua wala kipato cha seremala au mvuvi. Hakuna mstari unaosema "kabla ya makato", na hakuna unaosema "baada". Anayekuambia upo, mwombe kwa heshima akutajie sura na aya. Kilichopo ni dhamiri yako na kanuni moja iliyo wazi katika Kumbukumbu 14:22: zaka inatokana na maongeo, yaani kilichoongezeka. Mkulima hakutoa zaka ya mbegu alizozika ardhini. Kwa mfanyabiashara hili lina uzito mkubwa. Mama mwenye genge akiuza bidhaa za milioni 3 kwa mwezi na kubaki na faida ya laki 3, fungu la kumi la mauzo ni laki 3, yaani faida yote. Aliyemfundisha kutoa ya mauzo amemfundisha kufunga genge.

Malaki, na chumba cha Tobia

Hakuna andiko linalosomwa wakati wa matoleo kama Malaki 3. "Je! Mwanadamu atamwibia Mungu?" Kisha linafuata lile la madirisha ya mbinguni. Kwa andiko hili watu wameambiwa kwamba friji likiharibika, mtoto akiugua au kibarua kikiota nyasi, ni kwa sababu hawakuleta zaka kamili.

Malaki alikuwa anasema na nani? Wataalamu wengi humweka katika karne ya 5 kabla ya Kristo, enzi moja na Nehemia, au karibu nayo. Bahati nzuri Nehemia ametuachia taarifa ya hali ilivyokuwa. Alikuwa amerudi kwa mfalme wa Uajemi, na alipofika tena Yerusalemu akakuta mambo yaliyoandikwa katika sura ya 13 ya kitabu chake. Ndani ya nyumba ya Mungu kulikuwa na chumba kikubwa, ghala lililotunza zaka za nafaka, divai na mafuta. Kuhani Eliashibu, aliyesimamia vyumba vya nyumba hiyo, alikuwa amempa Tobia chumba hicho. Tobia huyo alikuwa mtu wa madaraka, mwenye jamaa na marafiki kila mahali, na ndiye aliyepinga ujenzi wa kuta za mji. Mwanasiasa alipangishwa ghala la zaka.

Nehemia alikasirika, akatupa nje vyombo vyote vya nyumba ya Tobia na kuagiza vyumba vitakaswe. Ndipo akagundua kwamba Walawi na waimbaji hawakupewa sehemu zao, na kila mmoja alikuwa amekimbilia shambani kwake. Aliwagombeza viongozi. Watu wakaleta zaka. Akaweka watunza hazina, akiwataja kwa majina: Shelemia kuhani, Sadoki mwandishi, Pedaya wa Walawi, na Hanani pamoja nao. Sifa yao imeandikwa: walihesabiwa kuwa waaminifu. Kazi yao pia imeandikwa: kuwagawia ndugu zao.

Ukimsoma Malaki ukiwa na habari hiyo mkononi, wizi anaoulaumu unaeleweka. Ghala lilikuwa tupu, wahudumu walikosa chakula, na lawama iliwaangukia walionyima pamoja na makuhani waliovuruga ibada, ambao Malaki amewakemea tangu sura ya kwanza. Tena, mistari mitano kabla ya ile ya ghala, katika sura hiyo hiyo ya 3, Mungu anasema atakuwa shahidi mwepesi juu ya wanaomwonea kibarua katika mshahara wake, wanaomwonea mjane na yatima, na wanaompotosha mgeni asipate haki yake. Aya ya 10 tunaijua kwa moyo. Aya ya 5 ni nadra kuisikia ikisomwa. Tajiri anayeleta bahasha nono huku dada wa kazi nyumbani kwake hajalipwa miezi miwili anagongwa na Malaki 3 kabla hajafika kwenye zaka.

Na laana je? Malaki aliyasema hayo kwa taifa lililokuwa chini ya agano la Sinai, lenye baraka na laana zake. Paulo anawaandikia Wagalatia, sura ya 3, kwamba Kristo alitukomboa katika laana ya torati. Mkristo anayeambiwa kwamba saratani ya mkewe imetokana na bahasha ya mwezi wa tatu anaambiwa jambo ambalo Yesu mwenyewe alilikanusha pale wanafunzi walipomwuliza, kuhusu kipofu tangu kuzaliwa, nani alitenda dhambi.

Yesu na mitume waliacha nini

Yesu aliizungumzia zaka. Kwa Mafarisayo waliotoa zaka ya mnanaa, bizari na jira, alisema wameacha mambo makuu ya sheria: adili, rehema na imani, hayo iliwapasa kuyafanya, na yale mengine wasiyaache. Watetezi wa fungu la kumi husimama kwenye sehemu ya mwisho ya kauli hiyo, na wana haki ya kufanya hivyo. Wapinzani hujibu kwamba alikuwa akisema na watu walioishi chini ya torati, hekalu likiwa bado limesimama. Hoja hiyo nayo ina nguvu. Wasichoweza kukikwepa wote wawili ni uzito aliouweka kwenye adili na rehema.

Baada ya hapo, katika nyaraka za mitume, sijaona mahali kanisa linapoagizwa kutoa asilimia kumi. Waebrania 7 inataja zaka, lakini inazungumzia ukuu wa Melkizedeki, kuhani ambaye Abrahamu alimpa sehemu ya kumi. Yapo mambo mengine, na baadhi ni mazito kuliko kumi. Zakayo alitoa nusu ya mali yake kwa maskini na kuwarudishia mara nne aliowadhulumu. Barnaba aliuza shamba. Hata Anania, aliyekufa kwa kusema uongo, Petro alimwambia kwamba shamba lilikuwa lake, na hata baada ya kuliuza fedha zilikuwa katika uwezo wake. Hakulaumiwa kwa kiasi. Wakorintho walielekezwa kuweka akiba kila siku ya kwanza ya juma, kadiri ya kufanikiwa kwao, na mchango huo ulikuwa wa kuwasaidia watakatifu maskini wa Yerusalemu. Kisha Paulo akawaambia kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni mwake, "si kwa huzuni, wala si kwa lazima".

Paulo huyo huyo anasema Bwana ameamuru wahubirio Injili wapate riziki kwa Injili. Hili lisipuuzwe. Mwinjilisti anayezunguka mitaa minne kwa baiskeli na kulala na njaa ni aibu ya usharika mzima, na anayetumia hoja za uhuru kumnyima posho yake hajaisoma 1 Wakorintho 9.

Kumi lilirudije, basi, kuwa amri? Kwa sehemu kubwa kupitia historia ya Ulaya. Sinodi ya Mâcon huko Ufaransa mwaka 585 iliwaamuru waumini kulipa zaka, na mwaka 779 mfalme Karoli Mkuu akaipa nguvu ya sheria ya dola. Ikawa kodi. Wakulima waliichukia kwa karne nyingi. Wafaransa waliifuta katika mapinduzi ya 1789, na Uingereza iliigeuza kuwa malipo ya fedha mwaka 1836. Leo makanisa yanatofautiana. Sheria ya Kanisa Katoliki, kanuni ya 222, inawataka waumini wachangie mahitaji ya kanisa bila kutaja asilimia. Waadventista Wasabato wanashika asilimia kumi na kuielekeza kwenye kazi ya Injili na mishahara ya watumishi, huku gharama za kanisa la mahali zikitoka kwenye sadaka nyingine. Walutheri na Waanglikana huhimiza fungu la kumi kama nidhamu ya kiroho. Mwenye kulishika kwa nia hiyo, kama kipimo cha kujizoeza kutoshikilia mali, anafanya jambo jema. Mimi nimo humo.

Ila mbegu ni mafundisho mengine kabisa. Yalienezwa na wahubiri wa Marekani katika karne ya 20, hasa Oral Roberts, kwa redio, televisheni na barua, na yakafika kwetu kwa kanda, setilaiti na mikutano ya hadhara. Mpango wake ni huu: toa kwa mtumishi, taja unachotaka, subiri kirudi mara thelathini au mara mia. Andiko linalotumika mara nyingi ni mfano wa mpanzi, ambao Yesu mwenyewe aliufafanua, akasema mbegu ni neno la Mungu. Jingine ni la Paulo kwamba apandaye haba atavuna haba. Ukiendelea kusoma aya zinazofuata, utaona mavuno anayoyataja ni mavuno ya haki na wingi wa kila tendo jema, ili watoaji wazidi kuwa wakarimu. Ninaposikia "sadaka ya kujimaliza", mtu akihimizwa kuleta ada ya mtoto au kodi ya nyumba madhabahuni, nakumbuka maandishi ya kale ya Wakristo wa mwanzo yanayoitwa Didake. Yanasema nabii akinena katika Roho kwamba "nipeni fedha", asisikilizwe; lakini akiomba kwa ajili ya wengine wenye shida, mtu asimhukumu. Waumini wale walikuwa na kipimo rahisi kuliko vyote tulivyonavyo leo: anaomba kwa ajili ya nani?

Mama, madeni na fedha za wakubwa

Swali la mama kijijini lina jibu katika Marko 7. Kulikuwa na desturi ya mtu kuwaambia wazazi wake kwamba kile ambacho angewasaidia nacho kimekuwa Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, na kwa njia hiyo anaachiliwa asiwatunze. Yesu alisema hapo wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Na 1 Timotheo 5:8 inasema asiyewatunza walio wake ameikana imani. Kwa hiyo dawa ya presha ya mama ni utii kwa amri ya kumheshimu mzazi, na ina nafasi yake hata kama haiitwi zaka. Fedha zikitosha jambo moja tu, mnunulie mama dawa bila kumficha mchungaji. Mchungaji mwema atakuongezea nauli.

Wapo pia wanaokopa kwenye simu, Songesha au Fuliza, ili jina lao lisikosekane kwenye orodha inayosomwa Jumapili. 2 Wakorintho 8:12 inasema toleo hukubaliwa kadiri ya alivyo navyo mtu, "si kwa kadiri ya asivyo navyo". Mkopo ni katika usivyo navyo.

Upande wa pili wako wenye vingi. Torati haikukubali kila fedha. Kumbukumbu 23:18 inataja ujira usioruhusiwa kuletwa katika nyumba ya Bwana. Yakobo anasema ujira wa wavunaji uliozuiliwa unapiga kelele mpaka masikioni mwa Mungu. Haya yamekuwa mambo ya mjadala wa wazi nchini Kenya. Septemba 2021 Askofu Mkuu wa Anglikana, Jackson Ole Sapit, aliwakataza wanasiasa kuhutubia makanisani mwake. Novemba 2024 Rais William Ruto alitoa fedha katika kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi: shilingi milioni 2 za nyumba ya mapadre na 600,000 kwa kwaya na kikundi kingine cha parokia. Siku iliyofuata Askofu Mkuu Philip Anyolo alitangaza kwamba zitarudishwa. Machi 2025, Rais alipoahidi shilingi milioni 20 kwa kanisa la Jesus Winner Ministry huko Roysambu, vijana waliandamana Jumapili iliyofuata.

Wapo waliouliza, kwa nia njema, kama kanisa lina haki ya kukataa sadaka, kwani mwenye dhambi hatakiwi kutoa? Anatakiwa. Sote ni wenye dhambi na vikapu vinapita kwetu. Tofauti iko kwenye kile fedha inachonunua. Sadaka inayokuja na kamera na kipaza sauti inaomba chumba ndani ya nyumba, kama Tobia. Kanisa likishampangisha, siku ya kumwambia ukweli litakuwa linamdai nani na linadaiwa na nani? Ninaamini Anyolo alifanya sawa, na ninatamani viongozi wa makanisa ya Tanzania waliozoea harambee za wageni rasmi walijadili jambo hili bila kusubiri maandamano.

Tobia hakuwa tatizo pekee la ghala lile. Tatizo jingine lilikuwa hesabu, na ndilo linalotuhusu sisi tusiopata wageni rasmi. Fikiria kamati ya harusi. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina wanajulikana. Kila jioni orodha ya ahadi na waliolipa inatumwa kwenye kundi. Harusi ikiisha, watu wanakutana kuvunja kamati: mapato yanasomwa, matumizi yanasomwa, ukumbi, chakula, mapambo, na chenji inajulikana imekwenda wapi. Mtu aliyechanga 50,000 anapata taarifa yote hiyo, wala haonekani amekosa imani kwa maharusi. Kanisani mtu huyo huyo anaweza kutoa 50,000 kila mwezi kwa miaka kumi, na siku akiuliza zilitumikaje akaambiwa ana roho ya uasi.

Paulo hakuwa na mawazo hayo. Alipobeba mchango wa Yerusalemu alihakikisha hasafiri nao peke yake. 2 Wakorintho 8 inaeleza kwamba Tito alifuatana na ndugu wengine, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa yenyewe, na sababu imetajwa: mtu asije akawalaumu kwa ajili ya karama hiyo kubwa, kwani walitaka kufanya yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Kama mtume aliyetokewa na Kristo alihitaji mashahidi, hakuna askofu wala nabii asiyewahitaji.

Makanisa mengi yanafanya hivyo vizuri. Yana mkutano mkuu wa mwaka, taarifa ya fedha inabandikwa ubaoni, mkaguzi anachaguliwa nje ya familia ya mchungaji, na Tanzania Bara yamesajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya. Kama kanisa lako liko hivyo, shukuru na uhudhurie mkutano, kwa sababu mara nyingi akidi haitimii. Kama haliko hivyo, maswali yako matatu ni halali kabisa: watumishi wanalipwa kiasi gani, jengo limechukua kiasi gani, na maskini wa hapa wamepata kiasi gani mwaka jana? Ninakushauri uanze na hilo la tatu. Mara nyingi jibu lake ni kimya, au ni mfuko wa diakonia, yaani wa huduma kwa wenye shida, uliopewa makusanyo ya Jumapili moja kwa mwaka.

Hapo ndipo lile fungu la mwaka wa tatu lilipopotelea, na kwa maoni yangu ndilo pengo kubwa zaidi katika mafundisho yetu ya utoaji. Kumbukumbu 26 inamwagiza mtoaji asimame mbele za Mungu na kutamka kwamba amevitoa vitu vitakatifu nyumbani mwake na kumpa Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Watu hao wanne kwa kawaida hawakuwa na mashamba, kwa hiyo hawakuwa na mavuno yao ya kutolea zaka. Sheria iliwaandika upande wa kupokea.

Sisi tumewaandika wapi? Kuna kijana aliyemaliza chuo miaka mitatu iliyopita na bado anazungusha barua za maombi ya kazi. Kuna mjane anayefulia watu nguo, na mzee anayeishi kwa fedha za TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Wote wana bahasha zenye namba. Wakipenda kutoa sarafu zao, kama yule mjane wa Luka 21, hakuna mwenye haki ya kuwazuia. Ingawa aya moja tu kabla ya habari yake Yesu alikuwa anawaonya watu juu ya walimu wanaokula nyumba za wajane. Lakini yapo makanisa ambako bahasha zisiporudi, jina hutiwa alama, na siku ya msiba familia huulizwa kadi ya matoleo ya marehemu kabla ya kupewa mchungaji wa kuzika. Desturi hiyo haina andiko hata moja nyuma yake, na baraza la wazee lina uwezo wa kuifuta katika kikao chake kijacho. Mzee wa kanisa anayepita na daftari mtaani angeweza kuanza hata leo, kwa kufungua ukurasa mpya wa wanaostahili kupokea na kuandika humo majina ya hao watatu.